Upanuzi wa Umoja wa Forodha na Maslahi ya Nchi za Nje: Mfano wa Njia ya Tabora, Kaliua na Kigoma, 1917–2022

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi upanuzi wa umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulivyogusa maslahi ya kibiashara ya nchi zilizobaki nje yake. Uchunguzi umeegemezwa kwenye njia ya zamani ya misafara inayotoka Tabora, kupitia eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kaliua, hadi Ziwa Tanganyika. Makala yanalinganisha pande tatu zilizokuwa nje Tanganyika ilipoingizwa katika umoja wa Kenya na Uganda kati ya mwaka 1922 na 1927: Ubelgiji, Japani na Zanzibar. Hoja kuu ni kwamba kiwango cha ushuru peke yake hakitoshi kueleza nani aliumia na nani alisalimika. Kilichoamua zaidi ni haki ambayo kila upande ulikuwa nayo kabla ya upanuzi: haki ya kupitisha mali, haki ya mali yake kutobaguliwa, au kukosa haki yoyote. Zanzibar, iliyokuwa jirani wa karibu zaidi, ndiyo iliyolindwa kidogo zaidi.

1.0 Utangulizi

Kaliua ni mji wa stesheni katika Reli ya Kati, magharibi ya Tabora. Hapo ndipo tawi la Mpanda, lenye urefu wa kilomita 210, linapoachana na njia kuu iendayo Kigoma. Wilaya ya Kaliua ilimegwa kutoka Urambo, na ndani yake imo Ulyankulu, sehemu iliyokuwa chini ya himaya ya Mtemi Mirambo. Kwa sababu hiyo, mtu anayefuatilia historia ya kodi za njiani katika magharibi ya Tanzania hana budi kupita hapa. Misafara ya pembe ilipita, kisha treni za Wajerumani, kisha shehena za Wabelgiji, na leo mizigo ya Burundi na ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Historia ya umoja wa forodha wa Afrika Mashariki imeandikwa kwa wingi, ila kwa jumla imeandikwa kutoka ndani. Swali lililotawala ni mgawanyo wa faida baina ya wanachama: je, Kenya ilinufaika kwa gharama ya Uganda na Tanganyika? Kazi ya Brett (1973) kuhusu ukoloni na udumavu wa maendeleo katika Afrika Mashariki imelijadili kwa kina suala la uchumi wa walowezi na sera zilizoulinda. Swali la waliobaki nje ya ukuta limepewa nafasi ndogo. Makala haya yanalirudia swali hilo kwa kuutazama umoja kutoka kwenye njia yenyewe, mahali ambapo mali ya mgeni na mali ya mwenyeji zilibebwa katika mabehewa ya treni moja.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Mjadala wa kisasa kuhusu umoja wa forodha unaanzia kwa Jacob Viner, aliyechapisha kazi yake mwaka 1950. Viner alitofautisha matokeo mawili. La kwanza ni uundaji wa biashara: ushuru wa ndani unapoondolewa, mnunuzi anaacha bidhaa ghali ya nyumbani na kununua ya mwanachama mwenzake iliyo nafuu. La pili ni uhamishaji wa biashara: mnunuzi anaacha bidhaa nafuu ya nchi ya nje na kununua ya mwanachama iliyo ghali, kwa sababu tu ile ya nje inatozwa ushuru na hii haitozwi. Katika hali hii ya pili, anayepoteza kwanza ni muuzaji wa nje, na anayefuata ni hazina ya nchi inayonunua.

Sheria ya biashara ya kimataifa nayo imelitambua jambo hili. Kifungu cha XXIV cha Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara wa mwaka 1947 kinataka ushuru na masharti ya umoja mpya, kwa ujumla wake, yasiwe mazito kwa nchi za nje kuliko yalivyokuwa kabla. Mwanachama anayelazimika kupandisha ushuru aliokwisha kuahidi hutakiwa kujadiliana na walioathirika kuhusu fidia.

Mkabala huu una manufaa, lakini una pengo. Unamchukulia mtu wa nje kuwa muuzaji wa bidhaa. Haumtazami sana mpitishaji, yaani nchi inayohitaji kuvuka ardhi ya umoja ili kuifikia bahari, wala dalali, yaani mji unaoishi kwa kupokea mali ya wengine na kuisambaza. Katika magharibi ya Tanganyika, wapitishaji na madalali walikuwa na uzito sawa na wauzaji. Kwa hiyo makala haya yanaongeza kigezo cha haki ya njia kando ya kigezo cha kiwango cha ushuru.

3.0 Njia Kabla ya Mpaka wa Forodha

Katika karne ya 19, mali iliyokwenda bara ilitozwa mara mbili kwa namna mbili tofauti. Pwani ilitozwa na forodha ya Sultani wa Zanzibar. Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za Wamarekani zilizoingizwa, na mataifa mengine yakafuata kutafuta masharti ya namna hiyo. Sheriff (1987) ameonyesha jinsi Unguja ilivyokuwa kiungo baina ya bara na soko la dunia: pembe zilitoka, nguo na shanga ziliingia. Kitambaa cha pamba kutoka Marekani kilienea kiasi kwamba jina la merikani lilibaki kuwa jina la kitambaa chenyewe, hata kilipofumwa kwingine.

Bara, mali hiyo ilitozwa hongo. Neno hili, ambalo leo lina maana ya rushwa, lilikuwa jina la malipo halali ambayo msafara ulimpa mtawala ili upite katika nchi yake. Hongo haikuwa na jedwali la viwango. Ilijadiliwa kwa kila msafara, na ililipwa kwa nguo, shanga au waya. Lakini ilikuwa na mantiki inayofanana na ya forodha: mwenye njia humtoza mpitaji.

Mirambo aliielewa mantiki hiyo kuliko watawala wengi wa wakati wake. Vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe vilivyoanza mwaka 1871 vilihusu, pamoja na mambo mengine, nani awe na amri juu ya njia ya Ujiji. Vita hivyo vilifunga njia ya moja kwa moja. Mwaka huohuo Henry Morton Stanley, akiwa safarini kumtafuta David Livingstone, alilazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Mfano huo unafundisha jambo litakalojitokeza tena baadaye: mtu wa nje asiye na mapatano na mwenye njia hulipa gharama ya mzunguko, hata kama hakutozwa ushuru wowote.

Utawala wa Kijerumani uliondoa hongo na kuweka forodha ya koloni. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kuanzia hapo, njia iliyokuwa na watozaji wengi ikawa na mtozaji mmoja.

4.0 Tanganyika Kuingizwa Katika Umoja, 1917–1927

Forodha za Kenya, iliyoitwa wakati huo Himaya ya Afrika Mashariki, na za Uganda ziliunganishwa mwaka 1917. Tanganyika ilikuwa bado uwanja wa vita. Majeshi ya Ubelgiji yalikuwa yameitwaa Tabora Septemba 1916, na Kigoma ilibaki mikononi mwa Wabelgiji hadi mwaka 1921. Ubelgiji ilipewa Ruanda-Urundi, Uingereza ikapewa sehemu iliyobaki kubwa, nayo ikaitwa Tanganyika.

Kuingia kwa Tanganyika kulifanyika kwa hatua. Kwanza, viwango vya ushuru wa nje vya nchi tatu vililinganishwa mwaka 1922. Pili, mazao na bidhaa za ndani ziliruhusiwa kuvuka mipaka bila ushuru kuanzia mwaka 1923. Tatu, mwaka 1927 bidhaa zilizoagizwa kutoka nje ziliruhusiwa kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine bila kutozwa upya. Hatua hii ya tatu ndiyo iliyokuwa na uzito kwa wafanyabiashara wa Tabora. Robota la nguo lililolipiwa ushuru Mombasa liliweza sasa kuuzwa Tanganyika bila kulipiwa tena. Tawi la reli la Tabora hadi Mwanza, lililofunguliwa mwaka 1928, liliiunganisha Reli ya Kati na Ziwa Viktoria, ambako biashara ya Mombasa ilikuwa tayari imejikita.

Upanuzi huu ulikuwa na mipaka ya kisheria miwili. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Ibara ya 10 ya hati ya udhamini iliiruhusu Uingereza kuiunganisha Tanganyika kiforodha na makoloni jirani, mradi masharti ya hati hiyo yasivunjwe, na mojawapo ya masharti hayo lilikuwa usawa wa kibiashara kwa raia wa nchi wanachama wa Shirikisho. Mpaka wa pili ulikuwa Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa tarehe 10 Septemba 1919, ulioyarekebisha makubaliano ya Berlin ya mwaka 1885. Mkataba huu uliondoa ukomo wa zamani wa viwango vya ushuru, lakini ulidumisha kanuni ya usawa katika eneo lililoitwa Bonde la Kongo kimkataba, ambalo kwa upande wa mashariki lilienea hadi Bahari ya Hindi na kuzijumuisha nchi zote tatu za umoja.

Ndani ya umoja, ushuru wa kinga uliowekwa kwa manufaa ya mazao ya walowezi wa Kenya ulilalamikiwa. Ripoti ya Sydney Armitage-Smith ya mwaka 1932 kuhusu fedha za Tanganyika ilieleza kwamba nchi hiyo ilipoteza mapato kwa kununua bidhaa za Kenya zilizokingwa badala ya za nje ambazo zingelipiwa ushuru. Kwa lugha ya Viner, huo ni uhamishaji wa biashara, ulioelezwa miaka 18 kabla kitabu chake hakijachapishwa.

5.0 Waliobaki Nje

5.1 Ubelgiji: mpitishaji mwenye mkataba

Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi zilitegemea njia ya Kigoma kwa sehemu ya mizigo yake. Endapo umoja uliopanuka ungeitoza mizigo hiyo, maslahi ya Ubelgiji yangeumia sana. Hilo halikutokea, kwa sababu Ubelgiji ilikwisha kujikinga mapema. Kwa mkataba uliotiwa saini London tarehe 15 Machi 1921, Uingereza iliipa Ubelgiji uhuru wa kupitisha mali katika Tanganyika bila ushuru, pamoja na maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa upangaji wa kudumu wa faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo yalijulikana kwa jina la Belbase.

Tarehe ya mkataba ina maana kubwa. Ulitiwa saini kabla ya hatua ya kwanza ya kuiingiza Tanganyika katika umoja. Upanuzi ulipokuja, uliikuta haki ya Ubelgiji imekwisha kuwekwa, ukalazimika kuizunguka. Shehena ya Ubelgiji ilipita Kaliua kuelekea ziwani bila kuguswa na ushuru wa pamoja. Trafiki hiyo ilipopungua baadaye, forodha si iliyokuwa sababu kuu. Ubelgiji yenyewe ilikuwa inajenga njia zake, na kukamilika kwa reli ya Benguela kulifungua mlango wa Lobito kwa shaba ya Katanga.

Hata hivyo, ulinzi huo ulikuwa na upande uliosahaulika. Mkataba uliandikwa kwa ajili ya shehena kubwa iendayo au itokayo baharini. Biashara ya kale ya kuvuka ziwa, kama ile ya chumvi ya Uvinza iliyozifikia Burundi na Kongo kwa vizazi vingi, haikuwa lengo lake. Mchuuzi wa Ujiji na mteja wake wa ng'ambo walijikuta pande mbili za mpaka wa forodha, bila mtu aliyewawekea saini London.

5.2 Japani: muuzaji mwenye haki ya usawa

Japani ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini Saint-Germain. Katika miaka ya 1930, nguo za pamba za Japani zilishika sehemu kubwa ya soko la Afrika Mashariki. Merikani iliyovaliwa bara sasa ilikuwa mara nyingi kazi ya viwanda vya Japani. Viwanda vya Lancashire vililalamika, na serikali ya Uingereza ikachukua hatua: mwaka 1932, Ottawa, ilipitishwa sera ya upendeleo kwa bidhaa za Dola ya Uingereza, na mwaka 1934 makoloni yaliagizwa kuweka ukomo wa nguo za kigeni, ukiilenga hasa Japani.

Hatua hizo mbili hazikutumika Afrika Mashariki. Kanuni ya usawa ya Bonde la Kongo ilizizuia. Kwa hiyo umoja uliopanuka, ingawa uliendeshwa na Uingereza, haukuweza kumtoza Mjapani zaidi ya Mwingereza. Soko pana lililoundwa na upanuzi lilimnufaisha hata muuzaji wa nje, kwani nguo iliyolipiwa ushuru mara moja iliweza kuzifikia nchi tatu. Kesi hii inakanusha dhana kwamba upanuzi wa umoja wa forodha lazima umdhuru aliye nje. Haukumdhuru palipokuwa na haki iliyokatazwa kuvunjwa.

5.3 Zanzibar: dalali asiye na mkataba

Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza hiyohiyo, na ilikuwa na mahusiano ya kale zaidi na Tabora kuliko nchi nyingine yoyote iliyotajwa hapa. Pamoja na hayo, haikuingizwa katika umoja. Ilibaki na forodha yake na viwango vyake.

Ni lazima kusema wazi kwamba kushuka kwa Unguja kama soko la kati hakukuanza mwaka 1922. Meli za kampuni ya Kijerumani ya Deutsche Ost-Afrika Linie zilizoanza safari mwaka 1890 zilizifikia bandari za mwambao moja kwa moja, na reli zilimaliza kazi ya wapagazi. Zanzibar ilijaribu kujikinga kwa kutangazwa bandari huru mwaka 1892. Upanuzi wa umoja haukuuanzisha ugonjwa huo, bali ulifunga mlango wa dawa. Baada ya mwaka 1927, mali iliyoshushwa Mombasa ilikuwa ya ndani hadi Kigoma. Mali iliyoshushwa Unguja ilikuwa ya nje hata ilipofika Bagamoyo.

Hapa ndipo udhaifu wa kanuni ya usawa unapoonekana. Kanuni hiyo ililinda asili ya bidhaa, si njia yake. Robota la Japani lilitozwa sawasawa na la Lancashire, lakini hakuna ibara iliyomlinda mfanyabiashara wa Forodhani aliyeishi kwa kulipokea na kulipeleka mbele. Alipoteza bila mtu yeyote kuvunja mkataba wowote. Mwuzaji alihama bandari. Dalali hakuweza kukihamisha kisiwa.

6.0 Walio Nje Wanapoingia Ndani

Uhuru ulibadilisha masharti. Novemba 1961, Julius Nyerere alilieleza Bunge msimamo wa Tanganyika kuhusu mikataba ya kikoloni, na serikali yake ikakataa kufungwa na upangaji wa kudumu wa Belbase, kwa hoja kwamba mwenye mamlaka ya muda hawezi kutoa haki ya milele. Haki ya Ubelgiji iliyookoka upanuzi wa miaka ya 1920 haikuokoka uhuru. Lakini hitaji la njia lilibaki, na warithi wake walikuwa Burundi, Rwanda na Kongo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1967, Zambia, Burundi, Ethiopia na Somalia ziliomba kujiunga. Hakuna iliyopokelewa kabla ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977. Zambia ilipata suluhisho la aina nyingine: reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Ilikosa uanachama, ikapata njia.

Umoja wa forodha wa Jumuiya mpya ulianza kutekelezwa Januari 2005, kwa ushuru wa pamoja wa asilimia 0, 10 na 25, na viwango vya juu zaidi kwa bidhaa nyeti kama mchele na sukari. Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya mwaka 2007 na kuanza kutumia ushuru huo Julai 2009. Kwa Rwanda, kiwango cha juu cha kawaida kilishuka kutoka asilimia 30 hadi 25. Muuzaji wa nje wa bidhaa zilizokamilika alipata nafuu. Muuzaji wa mchele wa Asia alikutana na ukuta mrefu zaidi, mchele wa Tanzania ukiingia bila ushuru, ingawa nchi wanachama zimekuwa zikiomba mara kwa mara kutumia viwango tofauti na vya pamoja.

Shirika la Biashara Duniani liliarifiwa kuhusu umoja huu mwaka 2006 chini ya Kifungu cha Uwezeshaji, kinachozipa nchi zinazoendelea masharti mepesi kuliko ya Kifungu cha XXIV. Kwa hiyo kinga ya maandishi kwa nchi za nje ilikuwa nyepesi. Iliyobaki ni nguvu. Wakuu wa nchi za Jumuiya walipoamua mwaka 2016 kuondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua, Marekani ilitumia mpango wake wa AGOA kama shinikizo. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kunufaika na mpango huo. Nchi jirani yenye soko dogo isingeweza kujibu kwa namna hiyo.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini kujiunga Aprili 2022 na kuwa mwanachama kamili Julai mwaka huohuo. Kabla ya hapo, ilikuwa mpitishaji mkubwa wa mizigo katika bandari ya Dar es Salaam, ikiwa katika nafasi ileile aliyokuwa nayo Mbelgiji. Desemba 2022, mkataba wa ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma ulitiwa saini. Uanachama na njia, ambavyo kwa karne moja vilikuwa vimetengana, vinaelekea kukutana katika ukanda uleule wa Unyamwezi.

7.0 Hitimisho

Ulinganisho huu unaonyesha mambo matatu. Kwanza, upanuzi wa umoja wa forodha hauziathiri nchi za nje kwa kipimo kimoja. Ubelgiji na Japani zilikuwa mbali zaidi na Tabora kuliko Zanzibar, lakini zilisalimika zaidi. Pili, wakati wa kudai haki ni kabla ya upanuzi. Mkataba wa mwaka 1921 uliilinda Ubelgiji kwa sababu ulitangulia. Zanzibar haikuwa na cha kushika milango ilipofungwa. Tatu, kanuni zinazolinda bidhaa haziwalindi wapitishaji wala madalali, na hao ndio wengi katika kanda za mipaka.

Kwa sera ya leo, funzo linazihusu Zambia na Malawi, ambazo zinapitisha mizigo Dar es Salaam zikiwa nje ya umoja huu, na linawahusu pia wachuuzi wadogo wa Ziwa Tanganyika. Kila mwanachama mpya anapopokelewa, mpaka wa nje husogea na kumpita mtu aliyekuwa na biashara yake. Majadiliano ya upanuzi yanayoanza na kuishia kwenye viwango vya ushuru yataendelea kumwacha mtu huyo nje ya hesabu. Katika Unyamwezi wa Mirambo, mpitaji angalau alikaa chini na mwenye njia wakapatana hongo. Umoja wa forodha unaowajali majirani zake unapaswa kuyaweka mapatano hayo katika maandishi, na kuyaweka kabla mpaka haujasogezwa.